Mgomba Uliozikwa Badala ya Babu

Jumapili ya Matawi mwaka huu tulimpoteza shangazi Nabwire, wa mwisho kwetu aliyelijua jina la meli ya babu. Matangani palikuwa na jenereta, na harufu ya grisi yake ikanirudisha kijijini kwetu Lunyo, kwenye mikono ya babu iliyonukia hivyohivyo.

Babu alikuwa baharia wakati wa vita vya Wazungu. Meli yao ilikuwa ya kuvulia samaki. Jeshi likaichukua, likaifunga nyuma waya mrefu wenye visu, ikawa ya kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini, nje ya Mombasa. Waya ulikata mnyororo ulioshikilia bomu chini ya maji, bomu likaelea, wakalipiga risasi kwa mbali. Mabomu mangapi, sijui. Alisema tu, "Sisi tulipita kwanza, ili meli kubwa zipite zikiwa zimelala."

Siku moja habari zilifika nyumbani kwamba meli yake imelipuka. Maiti haikuwepo, basi wazee wakafuata desturi: wakakata mgomba, wakauvika shati lake, wakauzika kando ya kaburi la mama yake. Kumbe iliyolipuka ilikuwa nyingine, ya kazi ileile. Vita vilipokwisha babu akarudi, akakuta ameshaliliwa.

Mimi, nikiwa mtoto, niliona ni mchezo. Sokoni walimwita Marehemu.

"Marehemu, unakwenda wapi na jua hii?"

"Nakwenda kula, kabla hamjanizika tena!"

Nami nilicheka, nikifagia majani juu ya kaburi la mtu aliyekuwa akinitazama huku akinywa chai.

Kisha akaugua. Akamwita mdogo wake, aliyekuwa mkuu wa ukoo, akamwomba jambo moja tu: mgomba ufukuliwe, alazwe pale yeye.

"Kaka, kaburi halifunguliwi," mdogo wake alijibu, akilia. "Tukilifungua, litaita mwingine."

"Mle mna nini? Si mgomba?"

"Mna jina lako."

Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nilidhani mtu mzima akilia hubadili neno lake. Nikangoja. Babu aligeukia ukutani, hakuomba tena. Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, ndipo nilipoelewa kwamba huyo "mwingine" waliyehofia wote wawili kwamba ataitwa alikuwa mmoja wetu sisi wadogo.

Babu alizikwa nje ya ua, mbali na mama yake, upande wa shamba la muhogo. Mvua ilianza kabla udongo haujashindiliwa. Tukakimbilia ndani.