Arobaini ya Pweza

Elsy Canché hakumwogopa pweza, aliogopa upepo. Kwetu huku pwani ya Yucatán kila mwanamke anauogopa, lakini yeye alikuwa na sababu yake. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe alisahau kufunga dirisha siku ya tisa, ukaingia ule upepo baridi wa kaskazini, na mtoto hakufika arobaini. Daktari alisema ni mapafu. Elsy alimsikiliza kwa heshima zote, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kuwa mzazi anaweza kukaa penye upepo akasalimika.

Basi ndipo akaja Daktari Ofelia Arceo, msomi wa viumbe vya baharini, na matangi yake ya plastiki na maneno ambayo kijiji kizima kiliyacheka: pweza atafugwa. Tena atafugwa na wanawake. Fidencio, mume wa Elsy, mtu aliyezaliwa na ndoano mkononi, alishika mbavu.

"Pweza afugwe? Kesho mtatuambia mmemfunga kamba shingoni kama mbuzi!"

"Pweza hana shingo," Elsy akamjibu. "Na wewe huna kazi mpaka msimu ufunguliwe, kwa hiyo nyamaza nikapate riziki."

Wakaanza wanawake kumi na wawili, ndani ya banda lenye paa la wavu. Walisaga nyama ya kaa na ngisi, wakaipaka kwa kijiko ndani ya makombe ya chaza, kombe moja kwa kila pweza, kama mtu anayewapakulia wageni wakorofi. Pweza wadogo walipewa makome matupu wajifiche. Kila wiki ilibidi watengwe kwa ukubwa, kwani pweza hana undugu: ukichelewa, unakuta mmoja kanenepa na saba hawapo. Elsy aliwatenga kwa jicho tu, bila mizani, na Daktari alipopima baadaye alikuta hajakosea.

Pampu ya hewa na koki zake ilikuwa kazi ya Landy Uicab. Landy ndiye aliyemshika mtoto wa pili wa Elsy kwenye ubatizo, ndiyo maana wakaitana komadre. Alikuwa mwanamke makini kupita kiasi. Kabla ya kuondoka aligusa kila koki kwa kidole, akihesabu kwa sauti, na wenzake wakimtania kuwa anasali rozari.

"Salini na nyie," aliwaambia. "Hewa ikikatika, hawa hawafiki kesho."

Mwaka wa tatu akapatikana pweza jike waliyemwita Doña Prudencia, yaani Bibi Mwenye Tahadhari, kwa sababu hakutoka kwenye chungu alichopewa kujifichia mpaka achungulie kwanza kama mke wa mwenyekiti. Alizaliwa humo bandani, na mama yake pia alizaliwa humo. Mwezi Desemba akataga mayai, mamia kwa mamia, akayatundika kwenye dari ya chungu mithili ya vishada vya zabibu. Siku zote mayai yalitolewa na kuatamishwa mbali na mama, lakini safari hii Daktari alitaka kuona mama akilea mwenyewe.

"Haya yakianguliwa," aliwaambia wanawake, "tutakuwa na kizazi cha tatu bila kuchukua pweza hata mmoja baharini. Wafadhili wanakuja Februari. Wakiwaona watoto, mtaajiriwa wote kwa mkataba. Wasipowaona, matangi haya yatabebwa."

Pweza anayelea hali chakula. Anakaa juu ya mayai akiyapulizia maji kwa mrija wake, mchana na usiku, na yakishaanguliwa hufa. Elsy alijua hayo, lakini kila alipopita pale tangi namba saba moyo ulimuuma.

"Maskini, kajifungua hana hata wa kumkanda," alisema.

"Mletee na chokoleti ya moto basi," Landy akacheka. "Na supu ya kuku."

Siku ya thelathini na moja tangu atage, Jumamosi, upepo wa kaskazini ukaanza. Landy alihesabu koki zake akaondoka mapema kumpeleka mama yake zahanati. Wengine nao wakatoka. Elsy akabaki kufunga banda. Alipopita namba saba aliona mapovu yakipanda moja kwa moja kando ya chungu, akatia mkono majini. Baridi! Pampu ilikaa nje ya ukuta, ikivuta upepo uleule na kumpulizia mzazi ambaye hajamaliza arobaini.

Mtu mwingine angecheka. Elsy hakucheka. Aliishika koki akaizungusha kidogo, akaizungusha tena, mpaka mapovu yakakoma. Akafunika tangi kwa blanketi, akambembeleza Prudencia kwa maneno yaleyale ambayo wakunga wetu huwaambia wazazi. Alikusudia kurudi jioni upepo ukitulia. Haukutulia. Mabati yaliruka, barabara ikajaa maji ya bahari, na Jumapili hakuna aliyetoa pua nje.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Aliondoa blanketi. Prudencia alilala chini ya tangi, mweupe kama kitambaa kilichofuliwa mno, na mayai yalikuwa yameingia ukungu. Ndipo akasikia pikipiki ya Daktari. Akakunja blanketi, akalitia kapuni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Dakika kumi baadaye aliingia na wenzake, akashtuka pamoja nao. Hili ndilo kosa. Lile la koki lilitokana na huruma, na Mungu ana macho. Lakini hili la mlango wa nyuma halina utetezi.

"Koki ya saba imefungwa," Daktari alisema taratibu. "Landy?"

"Nilizigusa zote, Daktari."

"Na ya saba?"

Landy akatazama vidole vyake. "Nilikuwa na haraka ya zahanati... Labda niliifunga nikidhani naikaza."

Elsy alikuwa na maneno mdomoni, yamejaa mpaka kwenye meno. Akamshika Landy mkono, basi. Alijiambia: si hapa, mbele za watu. Nitamwambia kesho nyumbani kwake. Kesho ikawa Kwaresima, Kwaresima ikawa mwaka. Landy aliondolewa kazini wiki ileile. Wafadhili walikuja, wakatazama tangi tupu, wakanywa soda, wakaenda. Kiangazi hakijaisha matangi yakabebwa, na wale wenzao kumi walijua wamlaumu nani. Kuna waliokataa hata kukaa na Landy benchi moja kanisani.

Elsy alikaa naye. Kila Jumapili, miaka kumi na moja. Alidhani analipa.

Mwaka huu binti wa Landy alikuja kununua panucho, vile vichapati vya mahindi vyenye maharage ndani, kwenye meza ya Elsy, akalalamika kama watoto wanavyolalamikia wazazi wao. Mama hataki kumwogesha mjukuu wake. Anarudi mara tatu kutazama kama gesi imezimwa. Ukimwambia amshike mtoto, anasema, "Mikono yangu husahau."

Elsy aliacha mafuta yakichemka jikoni, akaenda. Ilikuwa adhuhuri. Alimkuta Landy akichambua maharage.

"Komadre, ile koki niliifunga mimi."

Landy aliinua uso, akatabasamu kwa upole. "Kakutuma binti yangu."

"Hakuna aliyenituma! Upepo ulikuwa unavuma, nikaogopa utampata kwenye arobaini yake. Nilifunga mimi, kwa mkono huu."

"Acha, Elsy. Nakumbuka mwenyewe. Naviona vidole vyangu vikiizungusha."

"Huwezi kukumbuka jambo ambalo hukulifanya!"

"Miaka kumi na moja naviona. Wewe una moyo mzuri. Siku ile wote walinitolea macho, ni wewe peke yako uliyenishika mkono. Sijasahau. Sasa unataka kunibebea na dhambi? Hapana."

"Naapa kwa mwanangu aliyekufa."

Landy akapiga ishara ya msalaba, sauti ikapanda kwa mara ya kwanza. "Usimwapie marehemu kwa uongo, hata kama ni uongo wa wema!"

Elsy aliona kuwa neno lake limechelewa. Angemwambia siku ile ya Jumatatu, au ile wiki, au hata mwaka ule, lingeaminika. Aliliweka mpaka likaoza. Alilia hapo hapo, akiwa amesimama, na Landy akamfuta machozi kwa aproni yake, akimwonea huruma.

Chumbani mjukuu, aliyeachwa amelala, akaamka, akaanza kulia katika kitanda chake cha wavu. Landy alisogea hadi mlangoni akasimama.

"Mtoe wewe, komadre," alisema, mikono ameificha nyuma. "Wewe nakuamini."