Magauni Manne na Mtu wa Kwenye Pipa

Sisi wafanyabiashara tuna ujanja wetu: mzigo ukizidi kilo, unauvaa. Siku ile nilipita kaunta ya uwanja wa ndege wa Guangzhou nimevaa magauni manne ya sherehe chini ya baibui, yote ya soko la jumla la Shisanhang, nimevimba kama godoro. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo kaka aliponipigia simu kutoka Dar. Baba amefariki alfajiri. Wangenisubiri mpaka kesho adhuhuri nimwone uso, kisha wamzike.

Mara mvua ikashuka na ndege ikaahirishwa kwa saa moja, halafu kwa mbili, halafu ubao ukaacha kabisa kutaja saa. Kurudi mjini siwezi, pasi imeshagongwa muhuri wa kutoka. Nikaenda msalani nipunguze magauni. Zipu ya la pili ikang'ang'ania mgongoni, mkono haufiki. Nikarudi kukaa nayo yote, jasho linanitiririka, nikajichukia mimi na biashara yangu.

Mbele ya viti palikuwa na televisheni inayoonyesha filamu ya kale, ya zama sinema hazina sauti. Mtu mnene amenasa kwenye pipa. Askari wanamvuta miguu, wanaanguka chali; anatoka mbio na pipa lake, anagonga ngazi, ndoo ya rangi inammwagikia mkuu wa polisi. Ukumbi mzima ulicheka. Bibi mmoja wa Kichina aliyekaa pembeni yangu akanigusa kwa kiwiko, nitazame. Na mimi nikacheka. Baba hajaingia kaburini, na mimi nacheka mpaka zipu inanichoma. Mpaka leo naona haya kulisema.

Simu ikaita tena.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "wazee wanauliza. Tukungoje?"

Nikamwendea mhudumu wa mlangoni, nikamwonyesha tiketi. Akatikisa kichwa. "Mingtian," akasema. Kesho. Na kesho nikiondoka, Dar nafika keshokutwa.

Kaka alijua, nami nilijua, kwamba maiti haicheleweshwi. Ila hakutaka kuniamulia.

"Mstirini leo," nikasema. "Msinisubiri."

Nyuma yangu watu wakaangua kicheko kingine, kirefu kuliko cha kwanza.

"Nani wanacheka huko?" akauliza.

"Abiria tu, kaka," nikamwambia. "Wanaangalia sinema."