Tanki Moja Hadi Lumakanda

Daktari alipomwambia baba kwamba hakuna dawa nyingine ya kumpa, mzee aliomba kitu kimoja tu: alale nyumbani kwake Lumakanda. Alikuwa amekaa nasi Kariobangi Kusini tangu mvua za masika, katika chumba walichomwachia watoto, akisikiliza mafundi wakigonga mabati kutwa nzima nje ya dirisha. "Hapa mtu akiita hasikiki," aliniambia. Nikaomba ruhusa kiwandani, kule Industrial Area ninakochemsha sabuni, nikaanza kuandaa gari.

Gari lenyewe nililinunua mwaka uliotangulia, stesheni wagoni iliyokwisha kutumika Japani, na nililinunua kwa sababu ya tangazo la gazeti. Tangazo lilisema ukijaza tanki Nairobi utazima gari mpakani Malaba. Chini yake palikuwa na picha ya familia ikicheka. Mjini sikuwa nimelipima, maana nilitia mafuta kidogo kidogo ya kunifikisha kazini na kanisani. Safari hii ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kujaza tanki mpaka juu.

Alfajiri tulimbeba baba na kumlaza kiti cha nyuma. Dada yangu Nekesa ndiye aliyekaa naye, kichwa cha mzee mapajani mwake. Mke wangu alibaki na watoto. Kwetu mkaza mwana hamshiki baba mkwe, hata akiwa katika hali ile. Aliaga akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Limuru tuliipita katika ukungu. Gari lilipanda likinguruma, nami nikaliacha lijivute. Tulipoanza kuteremka kuelekea bondeni baba aliomba ainuliwe. Aliutazama Mlima Longonot, akasema, "Nilipita hapa nikiwa kijana, naenda kutafuta kazi. Sikujua ni mbali hivi." Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyokuwa nimemwona kwa majuma mengi. Nekesa akanitazama katika kioo na kutabasamu.

Nakuru tulifika jua likiwa kali, na mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka chini ya nusu. Sikuamini. Niliugonga kwa kidole, ukabaki palepale. Kituo cha mafuta kilikuwa na foleni iliyofika barabarani, maana lori la mafuta lilikuwa limechelewa. Tulijipanga. Joto ndani ya gari lilizidi, na baba akaanza kuguna.

"Kaka, tutoke hapa," Nekesa alisema. "Hawezi kungoja. Si ulisema tanki linafika Malaba?"

"Tangazo ndilo lililosema."

"Basi mafuta yatafika hata Eldoret, karibu na nyumbani."

Hesabu hiyo nami nilikuwa nimekwisha kuifanya. Nilijiambia kwamba milima ya Limuru ndiyo iliyokula mafuta, na mbele gari litatulia. Tena Mau Summit kuna kituo. Nikatoka kwenye foleni.

Mau Summit mhudumu alikuwa ameketi juu ya kreti, pampu imefungwa kwa mnyororo. "Hakuna, mzee. Jaribu Burnt Forest." Kurudi Nakuru kulikuwa mbali sawa na kwenda mbele, na kule foleni ilitungoja. Tukaenda mbele, tukipanda, na kila kilima mshale ukinywea machoni pangu.

Baada ya kupita Timboroa gari lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Mvua ya baridi ilikuwa inanyesha, ile isiyokuwa na haraka. Pembeni mwa barabara mama mmoja alikuwa akifunika magunia yake ya viazi kwa nailoni. Alikuja mwenyewe, akachungulia ndani.

"Huyo mzee ni mgonjwa?"

"Ndiyo, mama. Mafuta yametuishia."

"Mleteni ndani. Hii baridi itamuua."

Aliitwa Mama Wangari. Nyumba yake ya mbao ilikuwa bado inanukia upya. Ile ya kwanza, alisema, ilichomwa wakati wa vita vya baada ya uchaguzi. Hakueleza zaidi. Tulimlaza baba kando ya moto, na Mama Wangari akamfunika blanketi lake mwenyewe. Mimi nikachukua jerikeni, nikapata lifti ya lori la mbao kwenda Burnt Forest.

Niliporudi, jioni ilikuwa imeingia. Baba alikuwa ameegemea ukuta, Mama Wangari akimnywesha uji kwa kijiko. Nekesa alikuwa analia bila sauti.

"Amekuwa akimwita mama huyu kwa jina la Nabwire," alininong'oneza. Nabwire alikuwa dada yake baba, aliyekufa sisi tukiwa wadogo.

Baba aliniona, akatulia uso. "Umefika vizuri," alisema. "Karibu ndani. Tumekwisha kufika sote."

"Baba, bado. Hapa ni Timboroa."

"Hapa ni nyumbani," alinijibu, kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Mama Wangari alituomba tulale. Nilikataa, maana nilikuwa nimempa baba neno langu. Tulipombeba kumrudisha garini alishika mguu wa kitanda cha yule mama, na ilibidi nifungue vidole vyake kimoja kimoja.

Lumakanda tulimwingiza katika nyumba yake mwenyewe, juu ya kitanda chake mwenyewe. Majirani walikuja na taa. Aliwatazama wote kama wageni. "Kwa nini mmenitoa?" aliniuliza. "Nirudisheni nyumbani." Aliomba hivyo asubuhi, akaomba mchana. Nilimwonyesha mgomba alioupanda, nikamletea kiti chake. Aliugusa mkono wa kiti kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mali ya wenyewe. Siku chache baadaye alikufa akiwa bado anangoja tuondoke naye.

Baada ya mazishi tulirudi Nairobi, Nekesa kando yangu. Timboroa nilisimama kumrudishia Mama Wangari blanketi lake. Aliuliza kama mzee alifika. Nikasema alifika.

Kariobangi nililipeleka gari kwa fundi wangu. Nilitaka anionyeshe bomba linalovuja, kabureta mbovu, chochote. Alilifungua, akalizungusha mtaani, akarudi akifuta mikono.

"Hii ndai iko fiti, buda. Haina shida."

"Na mafuta?"

"Hivyo ndivyo inakula. Ukibeba watu na upande milima, itakula. Hiyo ya gazeti hupimwa gari ikiwa tupu, barabara imenyooka, dereva peke yake, pole pole."

Nilisimama pale nikitafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa. Nilichojifunza ni hicho tu: kwamba kile walichoahidi kilikuwa kweli, katika barabara ambayo sisi hatupiti, kwa mtu asiyebeba yeyote. Mimi sijawahi kuwa na siku ya namna hiyo, wala simjui mtu wa Kariobangi aliyekuwa nayo.

Gari bado ninalo. Nekesa hajaliingia tena. Jumapili hutembea kwa miguu kwenda kanisani, nami huzima redio na kupunguza mwendo nikimfikia, viti vya nyuma vikiwa wazi. Huinua mkono kunisalimu, kisha huendelea kutembea.