Hodi za Kibokoni

Juma lililopita nilisimama kwenye kaunta ya ofisi moja ya ramani hapa kisiwani, nikingoja nakala yangu. Upande wa ndani, binti mchora ramani alikuwa ameweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Ami, akili mnemba imezifanya nyumba hizi mbili za mtaa wa Kibokoni kuwa moja. Chumba cha juu kimevuka kichochoro, nayo kwenye picha ya angani imeona paa tu. Niende nikapime?"

Mkuu wake hakuinua kichwa. "Wapimaji hawatoki tena, mwanangu. Zitenganishe hapo hapo."

"Siku moja tu."

"Ukafanye nini?"

"Nipige hodi." Akacheka kidogo. "Kazi hii niliipendea hodi. Watu wanakukaribisha, wanakupa kahawa, wanakuuliza wewe ni wa nani."

Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la shati. "Mke wangu nilimpata hivyo. Nilikwenda kupima nyumba ya baba yake, kisha nikarudi kuipima tena."

Kompyuta hupima mara moja tu, na kwa hilo sina la kuilaumu. Mzee aliinuka, akamsogelea binti, akamwonyesha pa kubonyeza ili kuzitenganisha zile nyumba mbili.