Sindano Iliyochomekwa Godoroni

Baba yangu alizaliwa Ngoliba, mama yangu Gatuanyaga. Majina yao unayajua. Usiyaandike, wala langu. Andika ninavyosema, mjukuu wangu, na pale nitakapokasirika usinipunguzie.

Miaka ya tisini nilikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya Thika. Nilipiga deki, nilimwaga mikojo, nilitandua vitanda. Wauguzi walikuwa na desturi ambayo hadi leo nikiikumbuka damu inanichemka. Muuguzi akishamdunga mgonjwa, mkono mmoja ukiwa umebana pamba, sindano iliyotumika aliichomeka kwenye godoro, kando ya mgonjwa, ili arudi kuichukua. Mara nyingi alirudi. Mara nyingine aliitwa kitanda cha mbele, akasahau. Najua walikuwa wachache na wagonjwa walikuwa wengi. Lakini anayetandua kitanda hana macho viganjani.

Asubuhi moja nilikusanya shuka kwa mikono miwili, sindano ikaniingia kwenye kidole gumba. Mgonjwa wa kitanda kile alikuwa amefariki alfajiri, na ugonjwa wake ni ule ambao siku hizo ulitajwa kwa kunong'ona. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi saba, mama yako mdogo. Alikuwa ananyonya.

Nilinawa kwa sabuni na maji mengi, nikaenda kwa msimamizi.

"Mama, kwani ulikuwa unatazama wapi?"

"Kitandani."

"Basi hukutazama vizuri."

Akajaza fomu, akanisogezea wino. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Nikaweka alama ya kidole, akanipa nakala.

Mhudumu mwenzangu alijaribu kunipoza moyo. "Wewe usihofu. Damu ya Gatuanyaga ni chungu, kupe akikuuma anaanguka chini!" Nilicheka, kisha nikamwomba anisomee nakala ile. Alisoma kimya, akanirudishia.

"Soma kwa sauti."

"Wameandika ulijichoma kwa uzembe."

Sikutaka kupimwa Thika, ambako hata wauza mboga wangejua majibu kabla yangu. Nilikwenda kliniki ya Ruiru. Daktari alisema kipimo cha siku ile hakingetosha. Nirudi baada ya miezi mitatu.

"Na mtoto?"

"Mwachishe kunyonya mpaka tujue."

Nilimwachisha jioni ileile. Alilia siku nne, akivuta vifungo vya blauzi yangu. Mama mkwe aliniuliza, "Mtoto huyu amekukosea nini?" Nikamjazia mtoto uji kikombeni.

Siku ya tano nilisimama katikati ya wodi, wauguzi wakikabidhiana zamu, nikamnyooshea msimamizi ile nakala.

"Bwana, nisomee uliyoyaandika. Hawa nao wasikie."

"Mambo ya ofisi huzungumzwa ofisini."

"Sindano haikunichoma ofisini."

Muuguzi mmoja akaanza kulia. "Ni mimi niliyeiacha, mama." Nilimwambia afute machozi, atafute kopo. Kisha nikatangaza kwamba mimi na wenzangu hatutatandua kitanda hata kimoja mpaka kila toroli iwe na kopo la bati lenye tundu kifunikoni. Sindano itoke kwa mgonjwa iingie humo moja kwa moja, bila kurudishiwa kifuniko chake na bila kupitia godoroni.

Saa nne shuka chafu zilikuwa bado vitandani. Saa sita makopo ya maziwa ya unga yaliletwa, matupu, yamejaa vumbi. Yalikuwa stoo muda wote! Hatua thelathini kutoka kitanda kile! Msimamizi hakuniomba radhi, wala fomu haikubadilishwa.

Miezi mitatu ilipotimia nilirudi Ruiru. Sikuwa na ugonjwa. Nilifika nyumbani nikampakata mtoto kifuani. Akageuza uso, akanyoosha mkono kudai kikombe. Watu wangeniambia nishukuru, na nilishukuru. Lakini nilinyang'anywa kitu kwa sababu ya kopo tupu, kisha nikaitwa mzembe.

Mwezi ujao unaingia chuo cha uuguzi. Sindano uliyoitumia ni yako mpaka iingie koponi, usimwachie mwingine. Ikikuchoma, nawa, useme siku hiyohiyo, nao wakunja uso wakunje.

Karatasi ya majibu ya Ruiru imo sandukuni mwangu, chini ya vitenge. Itunze pamoja na maandishi haya. Mama yako mdogo hajawahi kuambiwa kwa nini aliachishwa mapema. Nikifa, umpe yeye asome kwanza.