Ukanda wa Nyasi wa Mama

Harufu ya dawa ya wadudu huingia nyumbani kwangu kabla mwanangu Otmari hajafika mlangoni. Imekaa kwenye koti lake, kwenye kofia, hata kwenye kikombe anachonywea chai. Akishapiga dawa kwenye miparachichi yake hunisalimia kwa mbali, "Kamwene, mama," naye anajua nitaitikia huku nimeziba pua kwa upindo wa khanga. Na kila ninapoinusa, pua yangu hukimbilia harufu nyingine kabisa: nyasi mbichi zilizolaliwa na ukungu, bondeni, kwenye kinyungu cha mama yangu.

Ninyi ambao hamkuzaliwa huku kwetu Njombe niwaambie, kinyungu ni bustani ya bondeni. Kule mlimani kukikauka na baridi ikiuma masikio, sisi tunateremka kwenye unyevu, tunainua matuta, tunapanda maharage na mahindi ya kuchoma. Ndicho chakula cha kutufikisha mvua nyingine. Kinyungu kikiharibika, nyumba nzima inakula ugali kwa chumvi, na wageni wanasahau njia.

Sasa kinyungu cha mama kilikuwa na jambo lake. Katikati, kati ya matuta na matuta, aliacha ukanda wa nyasi ambao jembe halikuugusa. Ulikuwa mpana kiasi cha mtu kulala akajinyoosha. Bibi yangu aliuacha, na mama yake bibi vilevile. Asubuhi ukungu ukianza kunyanyuka, ukanda ule wote ulikuwa mweupe kwa tando za buibui, kila uzi umebeba shanga za maji. Mimi nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kulikuwa na buibui wanene waliokaa katikati ya tando zao kama mabibi harusi, na wengine wembamba wasio na tando, wakimbiaji, waliopita chini ya maharage kama waliotumwa dukani. Mmoja wa hao wakimbiaji niliwahi kumwona amebeba watoto mgongoni, wamejazana, hana hata mbeleko. Nikamwita mama aje aone. Akasema, "Mwache, ana kazi."

Baba aliuchukia ukanda ule. Aliuita ndevu. "Mama Anjela," alisema, maana mimi Anjela ndiye mtoto wao wa kwanza, "hizi ndevu zako utazinyoa lini? Watu wakipita juu barabarani wanadhani mwenye shamba amekufa."

Siku zote mama alimjibu kitu kimoja, kile alichofundishwa na mama yake. "Buibui ndio wanaoshika umande, Baba Anjela. Bila wao maharage yatakunywa nini?"

Baba alicheka mpaka akashika mti. "Umande unashikwa na buibui! Na mvua je, inashikwa na vyura?"

Wenzake kwenye kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, waliupenda utani huo. Wakikutana na mama njiani walimuuliza kama vyura wake hawajambo. Na mimi mtoto, niseme kweli, niliona aibu. Matuta ya majirani yalikuwa yamechongwa safi, udongo mweusi mtupu, hata jani la kusingiziwa huoni. Ya kwetu yalikuwa na pori katikati kama kichwa alichonyoa mlevi.

Mwaka ule padre wa misheni akatangaza kwamba atashuka bondeni kubariki vinyungu. Loo! Bonde zima lilipata homa ya usafi. Watu waling'oa hata maua. Wengine walifagia, jamani, walifagia shamba kwa ufagio! Baba akasema padre anakuja kubariki shamba, hawezi kutiwa aibu ya kubariki pori. Mama akasema kama Mungu aliumba buibui hataona vibaya kuwakuta. Wakabishana siku kadhaa, kila mmoja akimwambia mwenzake kwa kupitia kwangu. "Mwambie baba yako." "Mwambie mama yako." Nilikuwa kama waya wa simu.

Kisha mama akaenda kumjulia hali dada yake, bonde la pili. Aliporudi alasiri alikuta moshi. Baba alikuwa ameung'oa ukanda wote, akaulundika, akautia moto. Amesimama pembeni, jembe begani, anatabasamu kama aliyemjengea mkewe nyumba ya bati. Mama alichukua kijiti akalichokoachokoa lile jivu muda mrefu, kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka.

Padre alikuja. Alinyunyiza maji ya baraka, akasifu shamba letu mbele ya jumuiya yote, na baba alitembea wiki ile kama jogoo aliyenunuliwa jana.

Halafu ndipo lilipokuja lile linalonichoma hadi leo. Umande haukukoma! Kila asubuhi ulianguka kama kawaida, maharage yamelowa chapachapa. Baba akamwita mama mbele ya majirani, akayapapasa majani, akamwonyesha kiganja. "Huu hapa umande wako. Nani kaushika?" Mama akatazama kile kiganja, akaokota jembe lake. Sababu yake ndiyo ile moja tu, nayo ilikuwa imekufa mbele ya watu.

Na majuma yaleyale, maharage yakaanza kuwa meusi. Kwanza ncha za juu, halafu shina zima, vidukari vimejipanga kama masizi ya sufuria. Vilikuja na upepo, vyenye mabawa, vikatua bila kuulizwa. Tulimwaga majivu. Tulinyunyiza maji ya sabuni. Tulivikamua kwa vidole mpaka kucha zikawa nyeusi na kunata. Maua yakaanguka, vitumba vikajikunja. Baba akasema ni macho ya watu waliosikia padre akitusifu. Hakuna aliyetamka neno buibui, hata mama. Alikuwa amekwisha kushindwa kwenye umande, nani angemsikiliza kwenye vidukari? Tulikula ugali kwa chumvi. Wageni wakasahau njia.

Msimu uliofuata mama hakuomba ruhusa. Aliacha ukanda tena, lakini ulikuwa na nyasi changa tu, hauna watu. Basi akaenda kwenye bonde la dada yake alfajiri, akakata mafungu ya nyasi zilizosongamana tando, akayafunga polepole kwa kamba ya mgomba, akajitwika. Nilimfuata nyuma. Buibui walishuka kwa nyuzi zao mbele ya uso wake, mmoja akamtembelea shavuni, mwingine akaingia kwenye kilemba. Hakuwafuta. Jirani mmoja, Mama Fokasi, akatuita kutoka matutani kwake, "Weee Mama Anjela! Umebeba nani leo?"

"Wapangaji," mama akajibu bila kugeuza shingo. "Walifukuzwa, nawarudisha."

Akayasimamisha mafungu yale ndani ya ukanda, moja moja, kama watu waliokuja kwenye mkutano. Baba alipita akayaona. Hakukubali hata kidogo, lakini kiberiti hakukigusa tena. Mwaka ule maharage yalikuwa nusu nusu, uliofuata yakajaa. Baba aliingia kaburini akisema baraka za padre zilichelewa tu kufika.

Mimi shule yangu iliishia darasa la nne. Kwa miaka mingi niliamini kosa la mama lilikuwa moja: alikuwa na sababu mbovu. Nilijiambia, angekuwa na sababu nzuri, baba angenyamaza. Kisha mjukuu wangu Devota, na hapa mniruhusu nijivune, anasomea kilimo, binti huyo, kichwa chake kinawaka kama taa ya karabai, alikuja likizo akalala kifudifudi na miwani yake kwenye nyasi nilizoziacha kinyunguni kwangu. Akanieleza. Umande, Bibi, unaanguka wenyewe, buibui hauwahusu. Kazi yao ni vidukari vinavyoruka, vinanasa kwenye tando kabla havijatua. Wale wakimbiaji wanaokota vilivyodondoka. Ukichoma nyasi umevunja nyumba zao. Ukipiga dawa unawaua wao pamoja na wadudu, halafu wadudu wanarudi upesi kuliko wao.

Niliinuka palepale na goti langu bovu hivyohivyo, nikaenda shambani kwa Otmari kama mtu aliyeshika hukumu ya mahakama. Otmari anaua nyasi zote chini ya miparachichi, udongo mwekundu mtupu, unateleza ukinyesha. Nikamwambia yote, neno kwa neno la Devota, wala sikutaja umande.

Alinisikiliza. Mtoto wangu ana adabu. Hata alizima redio.

"Ni kweli kabisa, mama," akasema. "Hata kwenye semina walitwambia."

"Sasa?"

"Sasa wanunuzi wakija wanataka shamba safi. Na jirani akiona nyasi atasema nimeshindwa." Akavaa bomba lake mgongoni. Dawa yenyewe ilikuwa imefika kutoka Makambako asubuhi ile. "Usisimame upande huo, mama, upepo utakuletea."

Nimekasirika mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani. Mama yangu alishindwa kwa sababu mbovu. Mimi nimeshindwa kwa sababu nzuri. Tofauti yetu ni ipi? Nilipokuwa mtoto nilidhani wale wawili wanabishana juu ya umande. Walikuwa wanabishana juu ya majirani, na majirani bado wapo.

Juzi asubuhi niliteremka peke yangu kupita katikati ya miparachichi. Umande ulikuwa umeanguka sana, njiani kwenye majani viatu vyangu vya mpira vililowa, upindo wa khanga ukawa mzito. Nilipofika chini ya miparachichi nikasimama kuutafuta kwa macho. Sikuuona popote. Ulikuwa umeingia kwenye ule udongo mwekundu, ukapotea. Hapakuwa na uzi hata mmoja wa kuushika.