Nzi wa Wamaza kwenye chai ya baba mukwe

Aibu niliyopata pale Kasongo, kwa wazazi wa Zaituni, musichana niliyetaka kumuoa, hata sasa nikiikumbuka masikio yanawaka moto, na nyinyi chekeni tu. Wakati ule wa Wabelgiji nilikuwa nafanya kazi kwa muzungu mumoja aliyekusanya nzi (ndiyo, nzi, wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu, na mushahara nilipata!), akanituma kwenye vilima vya Wamaza, kwenye baridi, niwatege na kumuletea wazima, awalinganishe na wenzao wa Nyangwe wanaoishi kwenye joto la mto.

Niliporudi na nzi wangu kwenye chupa, pamoja na ndizi za kuwalisha njiani, ningempelekea moja kwa moja, lakini siku ile ile Muzee Ramazani, baba ya Zaituni, alikuwa ananingoja nijitambulishe, nikajiambia, ah, nipite kwanza, chupa nitaificha chini ya kiti.

Chai imemiminwa, Muzee ameanza kuuliza habari za ukoo wetu, mara pof! Ndizi zilikuwa zimechacha mule ndani, kizibo kikaruka, nzi wakapanda kama moshi, wengine kwenye chai, wengine kwenye ndevu za Muzee mwenyewe, na harufu ikajaa nyumba.

"Kijana, unaniletea pombe kwangu?"

"Baba, haiko pombe, iko nzi!" (Niliona hiyo ni afadhali.) "Nzi wa kazi!"

Badala ya kunyamaza nikaanza kueleza, huku nawafukuza kwa kofia, kwamba hawa na wa Nyangwe ni aina moja, ila kule Wamaza baridi iliua wasioiweza, waliobaki wakazaa watoto wenye kuiweza kama wao, na hao wakazaa tena, mpaka leo baridi inayolaza wa Nyangwe chali, hawa wanaruka ndani yake tu. Nyuma ya pazia Zaituni alicheka mpaka akakohoa.

Muzee akatoa nzi mumoja kwenye kikombe kwa ncha ya kidole, akamutazama.

"Kwa hiyo huyu, ili aweze baridi, ilihitaji vizazi na vizazi?"

"Ndiyo, baba!" Nikafurahi, ameelewa.

"Na sisi, ili tukuweze wewe, itahitaji vizazi vingapi?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, nikatoka na chupa tupu, na muzungu akanirudisha Wamaza kwa miguu.

Zaituni walinipa, mwishoni kabisa. Lakini kwa wakwe siendi tena na kitu chochote kinachopumua, na Muzee, akisikia tu nabisha hodi, anafunika kikombe chake.